Hakuna Anayelia kwa Kizungu

Shuleni kwetu Naivasha, ukishikwa ukiongea lugha yoyote isipokuwa Kizungu unavishwa diski: kipande cha mbao chenye kamba iliyokula jasho la shingo nyingi. Kuivua si kazi. Unamtegea mwenzako sikio, akiteleza neno moja tu unamvisha yeye. Anayebaki nayo Ijumaa kengele ikilia husimama paredi Jumatatu, mbele ya shule nzima, atunge sentensi kumi kwa kitenzi cha wiki.

Wiki hiyo kitenzi kilikuwa get. Mwalimu wa Kiingereza alisema get ni kama ugali, inashuka na mboga yoyote. Get up ni kuamka. Get along ni kuelewana na mtu. Get over ni kupona kilichokuuma. Get away with it ni kufanya ubaya na usiguswe. Hiyo ya mwisho niliipigia mstari.

Ijumaa saa tisa, diski ilikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa nimesimama paredi mara mbili muhula huo, na mama alikuwa ameapa kwamba mara ya tatu nahamia kwa shosho, mamake mzazi, kule Mau Narok, nikachimbe viazi. Begi langu alikuwa ameshaliteremsha kutoka juu ya kabati.

Darasa lote lilijua, likafunga mdomo. Nilimchoma mmoja na kompasi, akalia "ouch" kwa Kizungu safi. Nilimwambia msichana wa mbele ana mjusi kwa sweta. "You are the lizard," akanijibu, bila hata kugeuka.

Nikabaki na jamaa wa dawati langu. Tunakaa ploti moja Karagita, mlango wake unatazama wetu. Kizungu humtoka kama jino linalong'olewa, kwa hivyo njia yake ilikuwa kunyamaza kutwa nzima na kuonyesha vitu kwa kidole. Hakuwa amewahi kuvaa diski. Lakini asubuhi ile, tukienda shule, aliniambia siri: mamake, ambaye hukata waridi kwenye shamba la maua, alikuwa akikohoa hadi anashika ukuta. "Usiambie mtu," akasema.

Sikuambia mtu. Nilimwambia yeye. Nilimwinamia, nikamnong'oneza kwa Kizungu kwamba mamake ameanguka kazini na mtu wa boda amekuja kumwita.

"Mamangu ako wapi?" akasema. "Boss, mamangu ako wapi?"

Nikamvisha. Zilibaki dakika kumi na angeweza kumtegea mwingine, lakini alikuwa ameshatoka mbio, diski ikimgonga kifuani. Ilipovuka mlango, darasa zima likarudia Kiswahili.

"Wewe ni shetani," mmoja wa nyuma akasema, "lakini shetani wa kujituma."

Nikainama kama mwigizaji.

Jioni mama, ambaye hufanya kazi shamba hilohilo, alinisimulia bila kujua kwamba ni mimi. Mtoto wa mlango wa mbele alifika geti akilia, ubao shingoni, mabawabu wakadhani ni mwendawazimu. Mamake alitolewa kwenye waridi kuja kumtambua. Alikuwa mzima, anakohoa tu. Nilicheka hadi chai ikanitoka puani.

Jumatatu akasimama. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kukana, na kila alipofungua mdomo nilingoja aniseme. Ameamka saa kumi na moja. Ameteka maji. Anaelewana na mama. Sentensi tisa za kitabuni, shule ikimcheka r na l zake. Ya kumi akatazama mstari wetu.

"My friend got away with it."

"Very good," mwalimu akasema. "Mpigieni makofi." Nikapiga pia.

Jumamosi nilimkuta mferejini kwenye ploti, na mtungi.

"Niaje, boss."

"Good morning," akasema. "Can I get to the tap, please?"

Akina mama waliokuwa wakifua wakaangua kicheko. "Haiya, huyu ameshakuwa mzungu."

Nikampisha. Kwa kila mtu mwingine pale anaongea Kiswahili, anataniana nao, anacheka. Kwangu ni Kizungu tu, na kila wiki kinazidi kunyooka. Diski haijulikani Karagita, lakini mimi bado namtegea sikio mlangoni kwao, nikingoja anitelezee neno moja.