Mzee Vua na Mechi ya Mwisho

Baba yangu alikuwa na neno moja la kazi, na neno lenyewe lilikuwa "Vua." Alilisema kwa miaka thelathini na mmoja mlangoni mwa ukumbi wa michezo wa chuo, na hakumbagua mtu. Mwanafunzi mwenye raba mpya aliambiwa vua. Profesa aliambiwa vua. Siku moja alikuja waziri, walinzi wametangulia vifua mbele. Baba akawaangalia miguuni, si usoni, akasema lile neno lake, na mheshimiwa akatoa hotuba nzima kidole gumba kikichungulia nje ya soksi. Wanafunzi wakambandika jina la Mzee Vua. Mama naye, akimkasirikia kweli kweli, humwita hivyo hivyo.

Sababu ilikuwa sakafu. Ilikuwa ya mbao, na Baba aliipaka nta kila Jumapili akiwa amepiga magoti, huku akiimba vibaya. Wachezaji waliruhusiwa raba safi za ndani tu, tena baada ya Baba kuzipangusa soli kwa kitambaa chake. Watazamaji wote walibaki na soksi. Na sheria yake ya pili ilikuwa hii: kuingia ni mlango wa mbele, kutoka ni mlango wa nyuma, ili watu wasigongane. Sasa ukivulia viatu mbele na utatokea nyuma, viatu vyako vitakufikiaje? Hapo ndipo Baba alipoingia na kitoroli chake cha magurudumu manne, moja limekufa.

Mechi ikianza tu, naye anaanza. Anapakia viatu kutoka rafu za kibaraza cha mbele, anazunguka jengo, anavipanga nyuma kwa mpangilio ule ule, anarudi kuchukua vingine. Safari kumi na mbili, kumi na tano kama ni fainali. Filimbi ya mwisho ikilia, mlango wa nyuma unafunguliwa, na kila mtu anakuta viatu vyake vinamsubiri. Katika miaka yote hiyo hakupoteza kiatu hata kimoja, na alikuwa akitujulisha jambo hilo kila tulipopoteza kitu chochote nyumbani, hata kijiko.

Jioni, mezani, alitusimulia mechi. Mikono juu, nyanya zinaruka. "Yule mrefu akamkwepa mmoja, akamkwepa wa pili!" Tuliamini kila neno. Nilipokuwa na miaka kumi nilitumwa kumpelekea chakula siku ya mechi, nikamkuta nyuma ya jengo, mkono mmoja una kiatu, sikio limebandikwa ukutani. Ndani watu wanapiga kelele, naye nje anatabasamu peke yake. Nikaelewa kwamba baba yangu hajawahi kuona mechi hata moja. Alikuwa anazisikiliza tu, mengine anajazia. Nikaweka chakula juu ya kitoroli, nikaondoka bila kusema kitu, na sikusema kwa miaka thelathini.

Alipostaafu walimwachia ufunguo, kwa sababu ulikuwa mmoja tu na hakuwahi kukubali uchongwe mwingine. Akaendelea kwenda Jumapili na nta yake. Kisha ikaja barua kwamba jengo limechoka, litabomolewa Jumamosi saa tano asubuhi, na waliosoma zamani wanakaribishwa kuliaga. Baba aliisoma barua mara moja, akaufunga ufunguo kwenye kamba, akauvaa shingoni, ndani ya shati.

Sekretari wa mkuu wa chuo akanipigia simu kazini. Mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo nilikuwa na pini mdomoni.

"Dada, tunaomba umshawishi mzee atukabidhi ufunguo."

"Si mnalibomoa jengo? Ufunguo wa nini tena?"

"Kuna fomu, dada. Ina mahali pa kuandika kwamba ufunguo umekabidhiwa. Bila hapo kujazwa, tingatinga haliwashwi."

Nilitaka kucheka lakini pini zilinizuia. Nilipomuuliza Baba, alisema atautoa akiwa tayari, na kwamba hakuna mtu wa kumwambia atakuwa tayari lini. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Ukumbi ule ukianguka, angekuwa ameulinda maisha yake yote bila kuona hata mara moja kilichokuwa kikifanyika ndani. Lakini Baba ana kichwa kigumu, na jambo la namna hiyo asingelitamka hata ungembana kwa koleo.

"Nenda naye," Mama akaniagiza. "Akilala mbele ya lile tingatinga, mvute miguu. Yote miwili, usije ukamvuta mmoja ukamtegua nyonga."

Jumamosi tulifika saa tatu na nusu. Msimamizi wa ubomoaji alikuwa ameshasimama mlangoni, ana kofia ngumu na buti zenye kamba hadi karibu na magoti. Baba akafungua mlango, akasimama katikati yake.

"Vua."

"Mzee, mimi ndiye nimekuja kubomoa."

"Utabomoa saa tano. Vua."

Yule bwana alichukua dakika nzima kufungua zile kamba. Chini yake alikuwa na soksi moja ya bluu na nyingine ya kahawia, na kuanzia hapo sikuweza kumwogopa tena.

Wakaja waliosoma zamani, watu themanini hivi, na mkuu wa chuo pamoja nao. Niliwakumbuka wembamba. Sasa walikuwa na vitambi na vipara, na miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Twiga, aliyekuwa mrefu kuliko wote chuoni, sasa ni daktari wa meno na amepinda mgongo kwa kuinamia midomo ya watu. Wakili alikuwa Wakili tangu mwaka wa kwanza, kabla hata hajasomea sheria, kwa ubishi wake. Kapteni, aliyeongoza timu ya wasichana, sasa ni mwalimu mkuu, na alipoingia wanaume wazima waliacha kutafuna. Wote walivua bila kuambiwa. Rafu za kibaraza zikajaa, na Baba akavipanga viatu kwa mistari, akaweka na vyake mwishoni.

Ndani wakaanza kukumbuka, na kila aliyekumbuka alitia chumvi kidogo zaidi ya aliyemtangulia. Lakini kumbukumbu zote ziliishia kwenye fainali moja ya mpira wa kikapu, ile iliyoamuliwa sekunde ya mwisho.

"Nilirusha kutoka hapa," Twiga akasema, akisimama katikati ya uwanja.

"Hapo?" Wakili akaruka. "Wewe ulikuwa benchi, mguu uko kwenye ndoo ya barafu! Kikapu kile nilifunga mimi!"

"Wewe ulikuwa unabishana na mwamuzi!"

"Nilibishana, kisha nikafunga!"

Wakashikana mashati, watu wazima wenye wajukuu. Mtu akamuuliza Kapteni, aliyekuwa anaandika matokeo siku ile. Akasema daftari lililiwa na mchwa. Ndipo Wakili akageuka, macho yanang'aa.

"Shahidi tunaye! Mzee Vua alikuwepo. Mzee, waambie. Nani alifunga?"

Watu themanini wakamtazama Baba. Alikuwa kando ya mlango, anauchezea ufunguo ndani ya shati. Niliomba adanganye. Mezani kwetu alikuwa anadanganya vizuri sana.

"Sikuona," akasema.

"Hukuona vipi, Mzee? Ulikuwepo!"

"Nilikuwa nje. Nazungusha viatu vyenu."

"Na ile nusu fainali?"

"Pia."

"Na ile tuliyopigwa na wale wa chuo cha ualimu?"

"Mechi ikianza, viatu navyo vinaanza safari," Baba akasema, taratibu, kama anayeeleza kazi kwa mgeni. "Nikimaliza, na nyie mmemaliza. Nilikuwa nawasikia tu. Mlikuwa mnasikika vizuri."

Wakili akaliachia shati la Twiga. Mimi nilipandwa na hasira. Miaka yote hiyo wamelicheka jina lake, wamevaa viatu vyao wakaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza vilifikaje kule nyuma. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilijua tangu nina miaka kumi, na hasira ikakosa pa kwenda.

Kapteni ndiye aliyesogea kwanza. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi uliotutoa roho.

"Mpira uko wapi?"

Ulikuwepo mmoja stoo, nusu hauna upepo. Wakaleta kiti, wakakiweka katikati kabisa, pembeni ya mstari, wakamkalisha Baba. Mara tu Kapteni, aliyejifanya mwamuzi, aliporusha mpira juu, Baba akainuka.

"Viatu..."

"Kaa, Mzee!" ukumbi mzima ukamjibu. Akakaa.

Sasa, niwaambie jambo moja. Baba alikuwa ameipaka sakafu nta Ijumaa mchana, tabaka tatu, kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho. Na hawa watu hawakuwa na raba za ndani. Walikuwa na soksi.

Twiga aliukimbilia mpira, akaupita, akaendelea, akatoweka ndani ya stoo, tukasikia ndoo zikianguka. Wakili alipunga mikono kuzuia mtu ambaye alikuwa ameshakaa chini. Upande mmoja ulipungukiwa mchezaji, wakamvuta msimamizi wa ubomoaji na kofia yake ngumu, na yule bwana mwenye soksi za rangi mbili akageuka kuwa hatari kuliko wote. Alifunga mara mbili akateleza mara sita. Dakika ya saba, suruali ya Wakili ikachanika nyuma kuanzia mshono wa kiuno kushuka. Huwa natembea na sindano kwenye mkoba, kwa hiyo nilimshona akiwa amesimama, naye anabishana na Kapteni kuhusu faulo. Nilimchoma mara moja kwa bahati mbaya na mara ya pili kwa makusudi.

Baba mwanzoni alikaa wima, mikono juu ya magoti. Dakika ya tatu alianza kuegemea mbele. Dakika ya tano alikuwa anampigia kelele mwamuzi. Kisha nikamwona amefumba macho, ametega sikio upande, kama kule nyuma ya ukuta.

"Baba!" nikamfokea. "Fumbua macho! Si ndiyo maana umekaa hapo?"

"Ngoja," akasema. "Hatua tatu, ya tatu anaiburuta. Ni huyu!" Akafumbua macho na kumwonyesha kidole Wakili. "Aliyefunga ile fainali aliburuta hatua ya tatu. Ni wewe!"

"Huo ni ushahidi wa masikio!" Twiga akalalamika kutoka sakafuni.

"Naupokea!" Wakili akasema, akimwaga machozi bila aibu, mkono mmoja umeshika mshono wangu.

Waliishia sita kwa sita, kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama tena. Baba akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Zilibaki dakika tano kufika saa tano. Akaivua ile kamba shingoni mwenyewe, akamwekea msimamizi ufunguo kiganjani.

"Haya," akasema. "Nimeona."

Sote tukatoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu ndivyo mtu anavyotoka ukumbi ule. Hakuna aliyefikiria. Tukasimama uwanjani kwenye nyasi, tunahema, tunacheka. Msimamizi akatuhesabu mara mbili, akaingia tena kuhakikisha ndani hamna mtu, akajaza fomu, akapiga filimbi kumpa ishara dereva wa tingatinga. Upande wa mbele tingatinga likanguruma, kisha kikasikika kishindo cha kwanza, cha mabati.

Watu wakageukia ukuta kwa heshima. Twiga akainamisha kichwa. Na alipoinamisha kichwa akaiona miguu yake.

Akaangalia kando ya mlango, pale ambapo kwa miaka thelathini na mmoja viatu vilikuwa vinasubiri kwa mistari. Palikuwa na nyasi tu. Akamwangalia Wakili, Wakili akamwangalia Kapteni. Msimamizi akaitazama soksi yake ya bluu, halafu ile ya kahawia.

"Simamisha!" akapiga ukelele, akizunguka jengo mbio. "Simamisha! Buti zangu!"

Tulipofika mbele, kibaraza kilikuwa kimelala chini chote, bati juu ya tofali juu ya rafu. Jozi themanini na zaidi, na za mkuu wa chuo zimo. Kisigino kimoja cha kiatu cha Kapteni kilikuwa kimejitokeza juu ya kifusi, peke yake.

Nilimgeukia Baba kwa hofu. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Viatu vyenu," akasema kwa sauti ndogo. "Wanangu, viatu vyenu." Nilijua alichokuwa anakihesabu: miaka thelathini na mmoja, hakuna kiatu kilichopotea. Roho iliniuma.

Kisha Twiga akacheka. Alianza kwa pua, ikampanda, akakaa chini kwenye changarawe. Wakili akadakia, mshono wangu ukaachia tena, na hapo ikawa basi, watu themanini waliosoma wakawa wanashikana mabega wasianguke. Msimamizi alicheka mpaka kofia ikamtoka. Baba akawatazama mmoja mmoja, na polepole mikono ikashuka kutoka kichwani.

Waliondoka wakirukaruka kwenye changarawe, "oi, oi," hadi kwenye magari yao, na mkuu wa chuo aliendesha pekupeku. Kila mmoja alipita kumpa Baba mkono kwanza.

Nyumbani, Mama alikuwa mlangoni. Alimkagua mumewe kuanzia kichwani, akashuka, akafika kwenye soksi zilizojaa nyasi, akagota hapo.

"Wewe," akasema. "Wewe, Mzee Vua mzima. Viatu vyako viko wapi?"

Baba akafikiri kidogo, akampita, akavuta kiti cha mezani.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa naangalia mechi."