Kula Yako, Kula Yangu

Mama yangu hana R. Si yeye tu, Wanyiramba wengi wa umri wake hawana. Iramba kwake ni Ilamba, na kura ni kula. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, na jambo hilo lilinikera mno. Nilikuwa namsahihisha mbele za watu, jamani, kama mtoto wa darasa la pili!

Ila kupiga kura kwenyewe alikwishaacha. Uchaguzi uliopita, mgombea uenyekiti wa kijiji alimpa kilo ya sukari. Mama akaona aibu kula cha mtu bila kurudisha fadhila, akampigia. Sukari haikumaliza wiki. Mwaka uleule pampu ya kisima chetu ikaharibika, michango ya kuitengeneza ikayeyukia mikononi mwa mwenyekiti, na mama akarudi kuchota maji korongoni na magoti yake yale mabovu.

"Niliuza," aliniambia. "Aliyeuza halalamiki. Sipigi tena kula."

Iliniuma. Darasani naimbisha watoto kwamba kura ni sauti ya mwananchi, na nyumbani kwangu sauti imezimika!

Msimu huu mwenyekiti yuleyule akagombea tena. Wapambe wake wakapita nyumba kwa nyumba na vidumu vya mafuta ya alizeti. Alizeti, Singida! Tunalima wenyewe, halafu mtu anakuja kutuhonga kwa jasho letu! Mama akapokea, akasema asante, akasukuma kidumu chini ya kitanda.

"Mama, umepokea tena?" nilimfokea.

"Hebu niache, mwalimu."

Siku ya mkutano wa kampeni tulijaa uwanjani karibu na mashine ya kusaga. Mwenyekiti alijigamba weee, akamalizia, "Ndugu zangu, mkono mtupu haulambwi!" Makofi yakawa ya kuombwa. Akauliza kama kuna swali, na nani anasimama? Mama yangu, na kitu kimevimba ndani ya kitenge.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti alisema huku anatabasamu.

"Malahaba, mwanangu." Akachomoa kidumu, akakitua mezani, karibu kabisa na kipaza sauti. "Hii kula yako, nakuludishia. Kula yangu nabaki nayo."

Mtu mmoja akaangua kicheko, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele! Wanawake wakatimua mbio makwao kufuata vidumu. Jirani yetu alirudi anahema, chake kimebaki nusu. "Nisameheni, nimeshakaangia dagaa!" Meza ikajaa, wapambe hawajui wakusanye au wakimbie. Mimi, mwalimu mzima na tai yangu shingoni, nilirukaruka nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Yule bwana aliangushwa, tena vibaya. Pampu bado haijapona, na mwenyekiti mpya anaulizwa habari zake kila mkutano. Anayeuliza mnamjua.

Lakini matokeo yalikuja jioni. Furaha yangu mimi ilitimia asubuhi ya siku ile ya kupiga kura, maana mama aliniamsha yeye, tukawa wa kwanza kwenye foleni. Kila aliyefika nyuma yetu alimwamkia, naye akaitikia kwa sauti kubwa kama bibi harusi aliyezeeka.

Mlango ulipofunguliwa, karani, kijana niliyewahi kumfundisha, akamuuliza amekuja kwa shida gani.

"Nimekuja kupiga kula."

Kijana akazuia kicheko, akanitazama. Ananijua. Alikuwa anangoja nisahihishe.

"Umemsikia," nikamwambia. "Mpe karatasi yake."