Darasa Lilivyompa Mama Alama

Mama yangu alikata roho mchana kweupe, na darasa langu likampa saba kwa kumi.

Sitanii.

Nilikuwa nasomea ukutubi wa muziki, ile kazi ya kutunza nyimbo maktaba na kuziandikia maelezo ili mtu azipate. Chuo kikafungwa, tukawa tunasomea nyumbani kwa simu. Kila mtu kwao, upweke unatutafuna.

Nikaanzisha grupu la darasa, mwalimu naye ndani. Nikaweka na mchezo: mmoja anatuma sauti bila kuandika neno lolote, wengine wanaieleza, mwalimu anatoa alama. Anaimba nani, ala gani, rekodi ikoje.

Jamani, tukapendana! Tukaitana ndugu. Na wote walijua namuuguza mama peke yangu.

Siku ile alikuwa anaimba kwa kunong'ona, nikawasha simu nimrekodi. Katikati ya wimbo akanyamaza.

"Mama! Mama wee!"

Nikamtikisa, wapi!

Vidole vikagoma kuandika. Nikaituma ile sauti grupuni, basi. Nilitaka mmoja tu anipigie.

Ting! Ting!

"Mwimbaji mmoja, mwanamke, mtu mzima. Hakuna ala," kaandika dada tuliyemwita Masikio.

"Wimbo haujaisha," akadakia mwingine. "Halafu mwishoni kuna kelele za mtu anaita. Ungezikata."

Hizo kelele ni mimi.

Mwalimu naye huyo: "Hongereni, mnasikiliza vizuri. Ila rekodi hafifu. Saba kwa kumi."

Nilikaa na mama mpaka shangazi alipofika. Hakuna aliyepiga.

Baada ya mazishi nikaandika: "Ile sauti ni ya mama. Hapo ndipo alikuwa anaondoka."

Vijipicha vya mikono ya pole vikamwagika, mpaka nikaona haya kwa kuwanunia. Kisha Masikio akaandika:

"Pole sana ndugu yangu. Sasa kwenye maelezo, mwimbaji tumwandike jina gani?"

Aisee, nililia kwa hasira. Nikaandika jina la mama lote, mpaka la babu yake, nikatoka kwenye grupu.

Na wewe uliyejaza magrupu kwenye simu, ya ukoo, ya kazini, sijui ya nini: mwenzako akituma kitu kisichoeleweka, usikimbilie kuonyesha unajua. Piga simu, bwana! Muulize yuko na nani hapo nyumbani.

Mimi nilikuwa na maiti ya mama yangu.