Siku Baba Alipokula Mezani Kwangu

Mteja akitaka kuniita ana njia zake, na zote nazijua. Kuna anayegonga glasi kwa kijiko kama anafungua mkutano. Kuna anayepiga mbinja, tena mtu mzima mwenye tai. Kuna anayenyoosha mkono hewani na kuuacha huko huko, macho yakiwa kwenye simu, na nikifika hasemi neno, ananionyesha tu chupa tupu. Wadada wa mjini huniita "dia". Wanaume wa makamo huniita "mrembo", na mimi nilivyochoka, huo urembo sijui wameuona wapi. Mara chache hutokea mtu anayesubiri nipite karibu, akaniangalia usoni na kusema, "Dada, samahani." Huyo hata akiondoka bila kuacha kitu, siku yangu inakuwa nzuri.

Kazi hii ya mezani naifanya hapa Moshi mjini, kwenye mgahawa ule ule ulionipokea nikiwa binti, na bakshishi nimepata za kila aina. Wageni walioshuka mlimani huingia wakichechemea, midomo imebabuka kwa baridi, wanakula kama watu waliotoka jela, halafu wanaacha noti chini ya kikombe na kunishika mkono kwa mikono yao miwili. Ndugu zetu wa Desemba, wale wanaotoka Dar kuja kula sikukuu nyumbani, wao hutoa hela ya soda kwa sauti ili meza ya jirani isikie. Sidharau. Makelele yao yamenilipia kodi ya chumba miaka mingi. Ila mtu niliyetamani kumwona amekaa kwenye meza yangu, nimletee sahani kwa mkono wangu, alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa hataki kuingia.

Alikuwa baba yangu. Anaishi Mwika, kwenye kihamba chetu, shamba la kahawa na migomba aliloachiwa na babu. Mama alifariki nikiwa bado shule, na kwa kuwa mimi ni kitinda mimba na wakubwa wangu walishakuwa na nyumba zao, ikawa kazi yangu kumpakulia Baba. Nasema kumpakulia, wala si kupika tu. Kwetu pombe ya mbege haimfikii mzee mpaka aliyeileta ainywe kidogo mbele ya macho yake. Wazee husema desturi hiyo ilitokana na woga wa sumu. Katika nyumba yetu ilihamia mpaka kwenye chakula, na woga wenyewe ulishatoka zamani. Mama alikuwa akimletea Baba bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, anachota kijiko kimoja, anameza, anamwangalia. Baba anatikisa kichwa kukubali, ndipo anakula. Mama alipoondoka nikaendelea mimi. Nilikuwa nachota, nameza, namwangalia, na yeye anatikisa kichwa vile vile. Tulikuwa watu wawili tusiojua kuongea mambo ya moyoni, na pale ndipo tulipokuwa tunayasema.

Nilipopata kazi mjini alinuna wiki nzima. Siku ya kuondoka, begi liko mlangoni, akaniambia, "Unakwenda kuwapakulia watu usiowajua. Haya. Na mimi nitapakuliwa na nani?"

Nikabeba begi. Kahawa ilikuwa haileti kitu, na paa la nyumba lilikuwa linavuja. Wifi yangu, mke wa kaka anayeishi upande wa pili wa shamba, alikubali kumletea chakula kila siku, na mpaka leo namshukuru. Lakini yeye ana watoto na ng'ombe. Anaweka hotpoti mezani, anasema "Baba, chakula hicho hapo," na kabla mzee hajaitikia ameshafika bandani.

Baba alikuwa akishuka mjini msimu wa kupulizia kahawa, kununua dawa. Duka la pembejeo liko ng'ambo ya barabara, mkabala na mgahawa wetu. Akimaliza ununuzi ananipigia simu, natoka na aproni yangu, namkuta amesimama kibarazani pa duka na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kumtembelea mfungwa. Ananipa parachichi, ndizi mbivu, wakati mwingine kipande cha kitambaa cha kanga chenye mayai ndani yake. Namwambia, "Baba, ingia basi upate hata chai." Anasema ameshakula. Kila safari alikuwa ameshakula. Mtu aliyetoka Mwika alfajiri, midomo imekauka, tumbo linanguruma mpaka mimi nalisikia, lakini ameshakula.

Siku moja nilimbana. Nikamuuliza ana ubaya gani na chakula chetu. Akatazama mlango wa mgahawa, akaniuliza, "Hicho chakula akishapika mpishi, nani anaonja mbele ya mlaji?" Nikamwambia hakuna, baba, ni mgahawa, watu wanalipa. Akasema, "Ndiyo hivyo sasa," akavaa kofia yake akaenda zake stendi. Nilirudi ndani nikahudumia mchana kutwa na uso wa ubao. Mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimkumbuka sana miaka ile. Ajabu ni kwamba nilikuwa nampigia simu kila jioni, na nilikwenda nyumbani kila nilipopewa ruhusa, lakini bado nilimkumbuka hapo hapo kazini, sahani zikiwa mkononi. Nilishamchagulia meza: ile ya dirishani, mbali na moshi wa jikoni, ambayo haiyumbi. Akikaa hapo mzee mwingine yeyote mwenye kofia, nilikuwa nampa nyama kubwa. Nilitaka baba yangu aone kwamba sikuwa nimeacha kupakua kwa heshima. Nilitaka akae, ale kutoka mkononi mwangu kabla hajazeeka kabisa. Hilo tu ndilo nililolitaka, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Kilichomwingiza ni mvua. Masika ilikuwa imeshika, saa za mchana, na kibaraza cha duka la pembejeo kilikuwa kimejaa watu na mbolea. Nilikuwa nafuta meza nikamwona anavuka barabara, mfuko wa dawa kifuani, anatembea pole pole kana kwamba mvua ni ya watu wengine. Akafika mlangoni, akavua kofia, akakung'uta viatu. Kisha akaanza kusalimia.

Akasalimia meza baada ya meza, mkono kwa mkono, vile vile anavyofanya akiingia penye watu wanakunywa mbege kule kwetu. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Vijana wawili waliokuwa wanakula kuku wakampa vifundo vya mikono, maana vidole vilikuwa na mafuta, wakasema shikamoo. Mama mmoja aliyekuwa na vidude vya muziki masikioni alishtuka, akavitoa, akasimama. Bwana wa tai, yule wa mbinja, akatazama mkono wa Baba uliokuwa na maji ya mvua na udongo kwenye kucha, akaushika. Baba akamuuliza habari za nyumbani. Yule bwana akajibu, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake ya kawaida. Nilitaka kujificha nyuma ya friji, na wakati huo huo nilitaka mji mzima uingie umwone baba yangu.

"Shikamoo, Baba," nikasema zamu yangu ilipofika.

"Marahaba, mama. Nipe chakula."

Nikampeleka kwenye meza ya dirishani. Nikamletea maji ya kunawa, kisha ndizi nyama, sahani niliyoisimamia jikoni mpaka mpishi akaniuliza kama mkuu wa mkoa amefika. Baba akafanya ishara ya msalaba, akaweka kofia gotini. Halafu hakula. Aliweka mikono pembeni ya sahani akanitazama, akasubiri.

Sasa mgahawa wetu una sheria zake, na ya kwanza kabisa ni kwamba mhudumu hagusi chakula cha mteja. Chipsi moja tu ilishamfukuzisha mtu kazi, na hakuna aliyemtetea, kwa sababu sheria yenyewe ni nzuri. Mama mwenye mgahawa alikuwa amekaa kaunta kama kawaida, anaona kila meza. Yeye si wa huku mlimani. Wazazi wake walikuja kutoka mkoa mwingine kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa yaliyoko chini ya mji, na mambo yetu ya kuonja asingeyajua. Nilijua hayo yote. Nikachukua kijiko cha Baba, nikachota ndizi na mchuzi, nikameza, nikamwangalia.

Akatikisa kichwa, akaanza kula.

Nilibaki nimesimama hapo mpaka alipomeza matonge kadhaa, ndipo nikageuka kwenda kaunta, maana nilishaitwa kwa jicho. Mama mwenye mgahawa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekula chakula cha mteja mbele yangu?"

"Ndiyo, mama. Yule ni baba yangu. Kwetu hali mpaka aliyemletea aonje. Hajawahi kula hapa miaka yote kwa sababu hiyo."

Akamtazama Baba. Mzee alikuwa anakula taratibu, ameinama, maji yanamtoka kwenye kola ya koti. Nikawa nawaza jinsi nitakavyomweleza kaka kwamba nimefukuzwa kazi. Mama mwenye mgahawa akasema, "Wangu alikufa hajawahi kuniona hata nikifungua hapa." Kisha akanitaka nikawapelekee watu chai, akaacha kunitazama.

Baba alipomaliza hakuita mtu. Aliinuka mwenyewe akaenda kulipa kaunta, na nikiwa na birika mkononi nikamsikia anamwambia mwenye mgahawa, "Huyo binti ni wa kwangu. Anapakua vizuri." Nilimwaga chai kwenye kisosi cha mteja na sikuomba hata radhi. Mama mwenye mgahawa akaniita, akanivua aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Msindikize mzazi mpaka stendi," akasema. "Vyombo vyake nitaondoa mimi."

Mvua ilikuwa imepungua. Tulitembea, mimi nimebeba mfuko wa dawa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya kutaka kumwambia kila mpita njia kwamba mzee huyu ametoka kula kwangu. Tulipofika kwenye gari la Mwika, Baba akapanda, akakaa dirishani, akafungua kioo.

"Nimekuachia," akasema. "Nimefunika na kile kisahani. Rudi upesi, itapoa."

Nilielewa papo hapo. Kwetu mzee hamalizi chakula chote alicholetewa. Aliyempakulia huachiwa nyama, tena ile nzuri, na kuachiwa nyama na Baba ni kuambiwa kila kitu ambacho hakisemwi. Mama alikuwa akiachiwa. Nami niliachiwa siku zote mpaka siku nilipobeba begi. Nikamshukuru kwa lugha ya kwetu, "Aika, Baba," nikageuka, na baada ya kona nikaanza kukimbia, mtu mzima na sketi ya kazi, katikati ya madimbwi.

Meza ilikuwa inang'aa. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameifuta vizuri, ameweka na chombo kipya cha chumvi. Alinionyesha kwa fahari, mwanamke ambaye hakuwa amebeba sahani ya mteja tangu nimjue. Nilikwenda jikoni. Mabaki yetu yote huingia kwenye ndoo ya bwana mmoja wa Uru anayefuga nguruwe, na ndoo ilikuwa imejaa wali, maganda, mifupa, na juu yake mchuzi wa watu wote. Nilisimama pale nikalia. Mama mwenye mgahawa alipokuja kuuliza kulikoni nikasema ni vitunguu, kwa sababu alikuwa amenitendea wema mkubwa na sikutaka aujue ulikwenda wapi. Akaniambia, "Msimu ujao mwambie aje tena. Nitamkalisha mimi mwenyewe."

Jioni Baba alipiga simu akauliza kama nilikula. Nikasema nilikula. Akauliza kama ilikuwa laini. Nikasema ilikuwa laini sana.

Msimu uliofuata miguu ilikuwa imeanza kumkataa, na dawa ya kahawa ikawa inanunuliwa na kaka. Watu wameendelea kuniachia noti chini ya vikombe, nami nazipokea kwa mikono miwili, lakini bakshishi niliyowahi kuililia ni ile moja iliyoliwa na nguruwe wa Uru.

Siku hizi Baba hashuki kabisa, na kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Nikipata Jumapili napanda Mwika, namtengenezea mtori mwepesi, nyama nimeiponda kwa sababu meno hayapo. Kuna siku ananiita kwa jina la shangazi. Nakaa mbele yake, nachota kijiko kimoja, nameza, namwangalia, naye anatikisa kichwa; hilo halijamtoka. Kisha anakula mpaka mwisho. Anakwangua bakuli kwa kijiko, ananirudishia likiwa jeupe. Wifi anafurahi, anasema mgonjwa anayemaliza chakula anatia moyo, na ni kweli, nami nafurahi. Ila nikifika jikoni huwa nalielekeza bakuli kwenye mwanga wa mlangoni na kuangalia ndani, kabla sijaliosha.