Pongezi za Mkwe Zimekwama

“Mama, huyu ataniulia giaboksi! Gari ya otomatiki, yeye anabadili gia kwa mkono!”

Binti yangu alifoka tukiteremka Dindira kwenda Korogwe. Mumewe akanywea, akarudisha gia kwenye D, gari ijichagulie gia. Hatukumaliza kona tatu, breki zikanuka kama mpira unaoungua. Akasimama zipoe.

Tulipoondoka akaenda polepole, akashusha gia moja moja mpaka ya pili. Gari ikajizuia yenyewe, inanguruma kidogo tu, breki anazigusa kwenye kona. Binti akageukia dirishani, anatazama mashamba ya chai.

Nilitaka kumsifu, lakini kwetu mkwe na mama mkwe hatusemeshani. Nimemtuma binti afikishe pongezi, kagoma! Basi wewe ukimkuta sokoni, mwambie: mama mkwe kasema ulikuwa sahihi.