Saa ya Mama Iliyokataa Chaji

Daktari alipomwambia mama yangu atembee kila asubuhi kwa sababu ya presha, mama aliitika vizuri, akarudi nyumbani, akakaa. Kelele zangu hazikumwinua. Kilichomwinua ni saa ambayo mdogo wangu alimtumia kutoka Ulaya, ile inayohesabu hatua na mapigo ya moyo. Hatua zikitimia, inatetemeka mkononi na kuwasha vinyota. Basi mama akawa anatoka kwetu Kabondo hadi kando ya mto na kurudi, kwa ajili ya vinyota. Hata akitwanga ndizi za lituma saa ilimhesabia. Nilipomwambia kwamba huo ni wizi, alinipa mchi nitwange mwenyewe, nione kama si safari.

Wiki ya pili saa ikazimika na kukataa chaji. Mama akavua viatu vyake vya kutembelea, akavipandisha juu ya kabati.

"Bon, kama hakuna wa kuhesabu, nitatembea juu ya nini?"

Niliogopa, nasema kweli. Baba yetu alitutoka ghafla kwa presha hiyohiyo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nilijiambia kwamba mwalimu wa fizikia hashindwi na saa. Nikaanza kwa kulaumu umeme wa mtaa wetu, ambao ukija huja na hasira. Nikaipeleka saa kwa jirani mwenye paneli ya jua. Kimya. Nikabadili waya, nikabadili kichwa cha chaja, nikaipuliza saa kama mtu anayepoza uji. Kimya. Hapo nikamgeukia mama, nikamwambia mafuta ya mawese yameingia ndani kwa sababu anapika akiwa ameivaa. Mama aliendelea kumenya makemba yake, ndizi za lituma. Alikuwa na siku tatu hajatoka nje ya lango.

Nikapanda pikipiki yangu hadi soko kuu, kwa fundi mmoja wa simu, dada mwenye meza ndogo na miwani mikubwa. Aliigeuza saa, akaikwaruza mgongoni kwa ukucha.

"Tonton, hii scotch ya huku nyuma, ni nani alibandika?"

Nikajua mara moja ni nani. Kwetu kitu kipya hufunikwa kabla hakijachafuka. Rimoti yetu inaishi ndani ya plastiki, viti vya sebuleni havijawahi kuvuliwa nailoni, na daftari la mwanafunzi lisilo na jalada mimi silisahihishi. Saa ilipojaa chaji yake ya kwanza, nilichukua mkasi, nikakata skochi, utepe ule wa gundi, kwa uangalifu mkubwa, nikaifunika mbele na nyuma ili mawese yasiiguse. Na huko nyuma ndiko viliko vidoti viwili vya chuma ambavyo chaja hushika. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu kilikuwa na diploma ya fizikia.

"Courant ya umeme iko, tonton. Sasa itapita wapi?" dada akauliza, akiibandua. Aliiweka kwenye chaja, ikawaka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga maelezo marefu kuhusu betri za siku hizi. Lakini nilipomwona mama amekaa na miguu yake ameinyoosha, maelezo yote yalinikimbia.

"Mama, ni mimi. Niliibandika skochi penye chaji."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Alors, siku zangu tatu utanirudishia. Kesho asubuhi utatembea na mimi."

Asubuhi tukatoka, mama mbele, mimi nyuma kwa viatu vya kazini. Hatukuwa tumefika mbali nikaanza kutweta. Miaka yote hii pikipiki ndiyo iliyokuwa inatembea, mimi nilikuwa mzigo wake tu. Nikamwambia atangulie, nafunga kamba za viatu. Mama alitazama viatu vyangu, ambavyo havina kamba, akarudi akicheka. Alivua saa, akanifunga mkononi, akasubiri ihesabu mapigo ya moyo wangu. Alipoyasoma, kicheko kilimwisha.

"Papa yako alianzaka vilevile," akasema.

Akanishika mkono, tukaendelea polepole. Saa hakuidai tena.