Taa Aliyoishika Bwana Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale studio ya Lodwar, sikupewa kamera. Nilipewa taa ya umeme, betri nzito ya kuning'iniza begani, na waya wa futi ishirini. Mwenye Studio alikuwa mtu wa "Kenya", kama tulivyowaita wote waliotoka kusini, na alikuwa hodari wa kufoka kabla hajanywa chai.

"Taa si tochi," aliniambia. "Ukiifunga juu ya kamera, bibi harusi atakuwa na uso wa sahani. Kaa kando, inua mkono, na usitingishike."

Enzi hizo, miaka ya sabini, wapiga picha wengi waliifunga juu ya kamera. Nyuso zilizopakwa mafuta zilimetameta, na kivuli cheusi kikaganda ukutani nyuma ya watu. Sisi tuliisogeza pembeni, ndiyo maana ya ule waya, na shavu moja likapata mwanga huku lingine likibaki na kivuli chake. Watu walitoka wakiwa watu.

Kabla ya kupiga ilikuwa lazima tupige hesabu. Kila taa ilikuwa na namba yake. Yetu ilikuwa themanini. Unaigawa kwa umbali wa futi, na jibu ndilo tundu la lenzi. Futi tano, tundu la kumi na sita. Futi ishirini, tundu la nne, ambalo ni wazi mno. Umbali wenyewe huhesabiwa kutoka kwenye taa hadi usoni mwa mtu. Kamera haimo katika hesabu hiyo hata ikiwa ng'ambo ya mto. Nilikariri hilo mpaka nikawa naliota.

Kanuni nyingine ya Mwenye Studio haikuhusu mwanga. "Ukikosea, nyamaza. Mteja akikuona umeogopa, hata picha nzuri ataziona mbaya."

Tulipiga harusi za makarani, walimu na wenye maduka, nikapanda cheo hadi kushika kamera. Siku moja malaria ilimlaza Mwenye Studio, nikatumwa Kakuma peke yangu. Bwana harusi alikuwa dresa wa zahanati, Mturkana kama mimi. Baada ya kanisa alinivuta kando. Baba yake alikuwa amekuja kwa miguu siku mbili, na kikohozi chake kilisikika kabla hujamwona. Hakuwahi kupigwa picha maishani.

"Dada, zingine zote ukiharibu nitakusamehe," aliniambia. "Hii moja ya mzee usipoteze. Mimi nafanya kazi zahanati, najua hiyo kifua."

Mzee alikuwa ameketi kwenye akiriket, ile nusu duara ya wanaume wakila nyama ya ng'ombe wa harusi. Mwanamke haingii humo, awe na kamera au asiwe nayo. Juu yao palikuwa na mgunga wenye kivuli kizito, na nyuma yao mchanga uliwaka jua la saa nane. Bila taa, mzee angetoka kama kipande cha usiku. Kila mara nilikuwa nampa shangazi wa mtu ashike taa. Hapo shangazi asingefaa.

"Nipe mimi nishike," akasema bwana harusi.

Akaenda kuwaomba wazee, maana yeye na baba yake hawakai upande mmoja: baba ni Jiwe, mwana ni Chui, ndivyo rika zetu zinavyopishana. Akarudi jasho likimtoka. "Mzee amekubali. Lakini amesema hiyo radi yako ipige yeye mara moja tu."

Akaingia na suti yake, waya ukiburuta mchangani, akasimama karibu na bega la baba yake, mkono juu. Mimi nilibaki nje, futi ishirini. Wazee wote waliacha kutafuna, wakanitazama. Betri ilipiga mluzi wake, kitaa cha rangi ya chungwa kikawaka kuonyesha taa iko tayari. Mzee akainua kidevu. Nikabonyeza.

Nilipokuwa nasogeza filamu ndipo nikaliona tundu. La nne. Nilikuwa nimehesabu kutoka mahali niliposimama mimi, na taa ilikuwa futi tano kutoka usoni mwake. Mwanga ulikuwa umemzidi mara kumi na sita.

Bwana harusi akatoka mbio akiwa amekumbatia taa. "Imeshika?"

"Imeshika," nikamwambia.

Lodwar tuliosha filamu kwa maji yaliyokataa kupoa, yakazidisha ubaya. Katika picha zingine kanga zilionekana, ng'ombe alionekana. Mahali pa uso wa mzee palikuwa na doa jeupe, bila jicho wala mdomo. Mwenye Studio alijaribu kuichapa kwenye karatasi sita, kisha akaenda kukaa nje bila kufoka.

Dresa alipokuja kuzichukua alikuwa amenyoa kichwa, mzee ameshazikwa. Akazipitia zote, akazirudia. "Ya mzee?"

"Joto liliharibu," nikasema.

Akaniwekea mkono begani. "Pole, dada. Ulisumbuka sana siku ile."

Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Baadaye nilihamia ofisi ya serikali, nikawapiga wakubwa wakifungua visima, hadi nikastaafu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeitembea hii mpaka nikaota mvi. Dresa naye amezeeka kule Kakuma, na tukionana hunisimulia jinsi joto lilivyomnyang'anya baba yake.

Ninyi vijana mnatazama picha papo hapo, mkikosea mnapiga tena. Mkiniuliza, nasema sisi hatukuwa na bahati hiyo. Lakini kosa nililijua filamu ikiwa bado mkononi. Ningeweza kusema, "Baba, nimekosea, naomba mara ya pili." Labda angekataa. Sijui, kwa sababu sikumwomba, na mzee alikaa pale pale, futi ishirini kutoka kwangu, mpaka nyama ikaisha.